Sura ya Nne: Viua Sabini na Nne

Redio ilipotangaza kwamba mwezi umeandama, watoto wa mtaani walitoka mbio wakipiga kelele, na mimi nilikuwa nimekaa mkekani, mgongo ukutani, kofia mapajani, viua 74 havijashonwa. Ilikuwa saa tatu za usiku na dakika zake. Jikoni mama alikuwa ameshaanza kuchambua zabibu za tambi. Nyumba nzima ikasema alhamdulillahi. Na mimi nikasema, lakini kwa ulimi tu, maana tangu magharibi moyo wangu ulikuwa ukiombea wingu.

Mpaka leo naona haya kulikiri hilo. Mwezi mzima mtu anamwomba Mungu amfikishe sikukuu salama, sikukuu ikifika anaiombea wingu.

Kofia ilikuwa ya mjomba. Mjomba ndiye aliyenilipia ada ya shule, na mwezi wa Rajabu, mbele ya watu waliokuja kwenye hitima, nilimwambia kwa sauti: "Mjomba, kofia ya sikukuu hii usinunue. Nitakushonea mwenyewe." Watu wakanisifu. Nilipimwa kwa sifa zile kabla sijampima yeye kichwa. Baadaye nikasikia kwamba kofia yake ya zamani amempa kijana mmoja wa msikitini, kwa sababu "mpya inakuja". Tangu siku hiyo sindano ikawa nzito.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Kofia ya mkono, ambayo sisi tunaiita kofia ya viua na ukifika Lamu utasikia ikiitwa ya vito, ni vipande viwili tu: duara la juu na ukuta wa pembeni. Kila kipande kina tabaka mbili za kitambaa cheupe, bafta au kinachofanana nayo. Unachora ua kwa penseli, unashona mistari, kisha baina ya tabaka unapitisha uzi mnene ili kitambaa kipate mgongo na kofia isimame. Hayo yote yana uchovu wake, lakini yanakwenda. Kinachokula umri ni viua, yaani vile vitundu vinavyoipa kofia upepo na uzuri wake.

Kiua kimoja kinakwenda hivi. Unatoboa kwa sindano nene, unaizungusha ili nyuzi za kitambaa zisogee bila kukatika. Unachukua sindano nyembamba, unapita na uzi kwenye ukingo, unavuta, unarudi, unapita tena. Mizunguko 12, mara nyingine 14, mpaka ukingo wote uwe umefunikwa na kitundu kiwe cha mviringo kama punje ya mtama. Ukivuta sana, kitambaa kinakunjamana. Ukilegeza, kitundu kinajifumba ukikifua mara mbili. Kisha unahamia cha jirani yake, na safari hii lazima kilingane na cha kwanza, kwa sababu jicho la mtu halioni kiua kimoja, linaona safu.

Mimi kiua kimoja kilinichukua dakika nne. Najua, kwa sababu nilijipima kwa saa ya ukutani usiku wa kuamkia Ramadhani, nikiwa nimekunywa chai, nimelala mchana, na hakuna mtu aliyeniita. Nikahesabu alama za penseli zilizobaki: 900. Dakika nne mara 900 ni dakika 3,600, ambazo ni saa 60. Nikishona saa mbili kila siku, siku 30. Hesabu ilitoka safi kiasi kwamba niliona ni bahati njema. Ramadhani ina siku 30, kazi ina siku 30.

Ramadhani ina siku 29 au 30. Hilo analijua kila mtoto wa chuoni, nami nililijua, na bado nilihesabu 30.

Nimekuja kuona baadaye kwamba si ujinga wangu peke yangu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika juu ya tabia hii ya binadamu kukadiria kazi yake kana kwamba hakuna kitakachomsimamisha njiani. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake wakachapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa chuo kikuu nchini Canada waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Waliwauliza watamaliza kwa siku ngapi. Wastani wa majibu ulikuwa siku 34 hivi. Wakawauliza tena: na kila kitu kikienda kombo? Wakasema siku 49 hivi. Ukweli ulipokuja, walitumia siku 55 hivi. Yaani hata mtu anapojitahidi kuwazia balaa, balaa lenyewe linampita.

Sasa wanafunzi wale saa zao zilikuwa zao wenyewe. Hakuna aliyekuwa akikuna nazi saa kumi jioni.

Siku kumi za mwanzo nilishona viua 180. Nilipaswa kuwa na 300. Sikuona kwamba ninachelewa, kwa sababu kila siku nilishona, na mtu anayeshona kila siku hujiona yumo kazini. Saa mbili zangu zilikuwepo kweli, ila hazikuwa saa nzima. Zilikuwa vipande: robo saa kabla ya adhuhuri, dakika ishirini baada ya alasiri kabla moto haujawashwa, nusu saa baada ya tarawehe nikiwa nimeshiba na macho yanafunga. Na kila kipande kina ada yake ya kuingilia. Utie uzi kwenye sindano, uvae subana, utafute ulipoishia, ushone viwili vibaya ndipo mkono ukumbuke. Ukikaa mara nne kwa siku, ada hiyo umeilipa mara nne.

Kumi la kati nilipata kasi, viua 30 kila siku kama nilivyopanga, lakini deni la kumi la kwanza lilibaki palepale. Kumi la mwisho, wenzangu wakifanya ibada za usiku, mimi nilikuwa chini ya taa nikishona viua 38 hivi kwa siku, na nilianza kuichukia kofia. Sisemi kwa kutia chumvi. Ilifika mahali nikiiona imekunjwa juu ya kabati tumbo linanikaza. Zawadi niliyoitoa kwa mapenzi imekuwa kama mdai aliyekaa barazani.

Kwa nini kazi ya kununua haitii dhiki hii? Ukisahau kununua kofia, unakwenda dukani usiku wa sikukuu, maduka yako wazi mpaka saa nane, unalipa zaidi kidogo, yamekwisha. Fedha inaweza kuharakisha karibu kila kitu. Kiua haikiharakishi. Nilikuwa na shoga aliyenionea huruma akajitolea kunisaidia ukuta wa nyuma, na huyo anashona vizuri kunishinda. Alishona safu moja, tukaitazama, sote tukanyamaza. Yake ilikuwa nzuri. Yangu ilikuwa ya kawaida. Zilipokaa pamoja, kofia ilionekana kama uso wenye macho ya watu wawili. Wanaoshona kwa biashara hugawana kazi vizuri tu, huyu duara, yule ukuta, na mnunuzi haulizi. Mimi nilikuwa nimetamka neno "mwenyewe". Shoga akaifumua safu yake kwa mkono wake, dakika arobaini nyingine.

Mwili nao una hesabu zake. Jicho likitazama kitu cha karibu, misuli midogo ndani yake hukaza ili kupata picha, na ikikazwa saa nzima huuma kama mguu uliosimama sana. Tena mtu akikodolea macho kazi ndogo husahau kupepesa, jicho linakauka. Dawa yake ni ya bure: nyanyua uso utazame mbali, paa la jirani, mnazi, chochote. Lakini usiku hakuna mbali. Kuna ukuta, taa na sindano.

Na damu. Sindano ikikuchoma kwenye kitambaa cheupe, kanuni ni maji baridi na upesi. Ukitia maji ya moto umeipika, haitoki tena. Bibi zetu walikuwa wakitumia mate ya aliyechomwa mwenyewe, wakisema mate yako yanaijua damu yako. Jaribu hilo saa tisa mchana, mwezi 22 wa Ramadhani, koo limekauka kama kigae.

Turudi mkekani, saa tatu usiku, viua 74. Kwa dakika nne kila kimoja ni karibu saa tano. Ningemaliza saa nane, nikalala, nikaamka. Lakini dakika nne zilikuwa za yule mtu aliyekunywa chai usiku wa kuamkia Ramadhani. Mtu wa usiku huu alikuwa anatumia dakika sita, na vichache alivifumua. Kiua cha mwisho nilikifunga saa kumi na nusu, adhana ya kwanza iko njiani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kofia haijafuliwa.

Hili ndilo ambalo wengi hulisahau. Kofia ikimaliza kushonwa haijaisha. Ina alama za penseli, ina jasho la mwezi mzima, imelegea kama kitambaa cha jikoni. Lazima ifuliwe, itiwe wanga, ivishwe kwenye bakuli au sufuria inayolingana na kichwa, ikauke ikiwa imesimama. Na sikukuu ile iliangukia masika. Nguo za juzi zilikuwa bado zina unyevu kambani. Kupiga pasi ni kuilaza migongo yote uliyoijaza uzi. Nikaiacha kama ilivyo.

Mjomba alikuja saa kumi na mbili asubuhi, kanzu nyeupe, kichwa kitupu. Sijawahi kumwona kichwa kitupu akielekea kusali.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Iko wapi?"

"Hii hapa. Haijafuliwa, mjomba."

Akaitazama kidogo, akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha sebuleni, akasema, "Mungu akupe umri mwanangu," akaenda zake. Nililala mpaka adhuhuri. Sikukuu mosi sikuiona.

Sikukuu pili tulikwenda kwa bibi, mama yake mjomba, mwanamke aliyeshona kofia kwa miaka mingi kabla macho hayajamwacha. Ukungu wa macho yake ulikuwa umeshakuwa mzito, lakini vidole vilikuwa vyake vilevile. Aliivua kofia kichwani mwa mwanawe bila kumwomba ruhusa, akaigeuza ndani nje, akaanza kuipitisha kidole taratibu, safu kwa safu, kama anayesoma.

"Hapa ulikuwa na nafasi," alisema, kidole kikiwa kwenye duara la juu.

"Ndiyo, bibi."

Akateremka ukutani. "Hapa ulikuwa na hasira. Umevuta."

Sikujibu.

"Hapa usingizi." Akafika nyuma, karibu na mshono. Kidole kikasimama. "Na hapa je?"

"Hapo mwezi ulikuwa umeshaandama, bibi."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamrudishia mwanawe kofia yake, akaomba chai.

Nimeitazama kofia ile miaka kadhaa sasa. Mjomba anaivaa Ijumaa, anaivaa harusini, na kila ninapokaa nyuma yake macho yangu yanakwenda penye mshono kabla ya kwenda popote. Viua 74 vya usiku ule viko pale, vikubwa kidogo, vingine vimeshaanza kujifumba. Ajabu ni kwamba kuchelewa kwenyewe hakuna anayekukumbuka. Muulize mjomba, atakwambia kofia ilikuwa tayari katikati ya Ramadhani. Nusura aape. Saa zile za kusubiri zimefutika kabisa kichwani mwake, ila haraka yangu anaivaa kila Ijumaa.

Kwa hiyo nina msimamo, na najua wapo watakaoupinga: zawadi ya mkono ikishindana na tarehe, tarehe ndiyo ishindwe. Mama yangu haafiki. Yeye anasema ahadi ya sikukuu ni ya sikukuu, na kofia yenye kasoro kichwani ni bora kuliko kofia nzuri iliyomo mfukoni mwa mshonaji. Tumebishana juu ya hilo mara nyingi, na nakubali kwamba siku ile mjomba asingekuwa na cha kuvaa. Lakini kosa hapo halikuwa la sindano. Lilikuwa la Rajabu, nilipofungua mdomo.

Wenzetu wa Oman wanaijua dhiki hii vizuri. Kofia wanayoiita kumma ni ndugu wa hii yetu, na ilisafiri baina ya Zanzibar na Maskati pamoja na watu. Hasa baada ya 1970, alipoingia madarakani Sultan Qaboos, Waomani wengi waliozaliwa upande huu walirejea na Kiswahili chao na kofia zao. Leo kumma ni vazi la kila siku la wanaume huko, za mashine zimejaa madukani, lakini ya kushonwa na mke au mama bado ina heshima yake. Na mwezi unawachezea vilevile. Mwaka 2024 Oman ilianza kufunga siku moja baada ya Saudi Arabia, Idi ikaangukia 10 Aprili kwa wote wawili: Maskati ikafunga siku 29, Riyadh 30. Mwaka uliofuata wakaanza pamoja tarehe 1 Machi, Saudi Arabia ikala Idi tarehe 30, Oman ikangoja mpaka tarehe 31. Mshonaji wa Maskati aliyepokonywa siku mwaka wa kwanza alirudishiwa wa pili. Sidhani kama ilimfaa.

Ipo kazi moja ya sindano ambayo tarehe yake haimngoji mshonaji, nayo ni Kiswa, vazi la Al-Kaaba. Zamani kwa karne nyingi lilishonwa Misri na kupelekwa Makka pamoja na msafara wa mahujaji; siku hizi linashonwa Makka kwenyewe. Hariri yake ni mamia ya kilo, na maandishi yake yanadariziwa kwa nyuzi za dhahabu na fedha, kwa mkono. Lilikuwa likivishwa siku ya Arafa, mwezi 9 Mfunguo Tatu. Tangu mwaka 1444 Hijria linavishwa mwezi mosi Muharram. Kinachonivutia si dhahabu. Ni kwamba vazi moja likishatundikwa, kazi ya jingine inaendelea. Wanao mwaka mzima na mafundi wengi, na wanautumia mwaka mzima.

Sisi nasi tunao mwaka mzima, na kalenda yetu ya Kiswahili inatukumbusha kwa majina yake. Waarabu wanaanza mwaka kwa Muharram. Mswahili anahesabu miezi tangu alipofungua: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Tisa, ndipo waje Rajabu na Shaabani na Ramadhani yenyewe. Kila mwezi unakwambia umetoka sikukuu umbali gani. Nimelitumia jina la Mfunguo Sita maisha yangu yote kwa ajili ya Maulidi, na sikuwahi kugundua kwamba lina maana nyingine kwa mtu mwenye sindano: nusu ya mwaka imekwenda, kitambaa kiko wapi?

Siku hizi nakata kitambaa kabla ya Maulidi. Nikipiga hesabu, kadirio langu nalizidisha mara mbili, na siku za mwisho naziondoa kabisa, kwa ajili ya kufua na kukausha. Simwambii mtu kwamba namshonea. Hilo la mwisho ndilo lililonipa usingizi zaidi kuliko mengine yote, maana kofia ambayo hakuna anayeingoja haiwezi kuchelewa. Mwaka juzi nilikuwa namshonea mtoto wa mjomba, nikapatwa na homa katikati ya Ramadhani, nikaikunja nikaiweka. Sikukuu ikapita. Nikaimaliza polepole, nikaifua, nikaitia wanga, nikampa Sikukuu ya Mfunguo Tatu, miezi miwili na siku tisa baadaye, jua kali, kofia imekauka kama karatasi. Bibi alikuwa bado yuko hai. Aliipitisha kidole duara zima na ukuta wote, akaigeuza, akarudia.

"Hii haisemi kitu," akasema, akamrudishia mwenyewe.

Basi ndugu msomaji, kama unaisoma sura hii Mfunguo Saba au Nane, una nafasi, kakate kitambaa. Kama Ramadhani imeshaingia na mkasi bado hujaushika, mnunulie kanzu. Habari ya kofia, mfanyie Mfunguo Tatu, na usimwambie.